Nyumba Isiyo na Mlango wa Nyuma

Tangu asubuhi mizinga ililia upande wa Kibumba, na Masika hakukalia kiti. Alihamisha magunia ya vitunguu, akayarudisha, akatoka kutazama barabara. Majirani wa Munigi walikuwa wakishuka mjini, magodoro kichwani.

Yeye haondoki. Alianza biashara na beseni moja la kabichi. Mwaka 2002 lava ya volkano ikameza nyumba yake ya mbao, akaapa kwamba nyingine itakuwa ya mawe na simenti. Miaka kumi alibishana na wauza simenti mpaka wakimwona kwa mbali wanajificha. Sasa nyumba imesimama, na fundi Cirimwami anafunga vyuma vya kuzuia wezi kwenye dirisha la mwisho, la jikoni, upande wa nyuma.

Ila mama yake, muzee Julie, aliyefika juzi kutoka Butembo, amekataa kuingia. Amekaa juu ya mawe, mkeka kwapani.

"Mama, ingia. Risasi haichagui mutu."

"Kwa nyanya yako, nyuma ya kitanda hatukukandika udongo. Matete matupu. Vita ikibisha mbele, unapiga teke moja, uko kwenye migomba."

"Ile nyumba ya majani? Si mlikuwa mnalowa."

"Tulilowa, hatukufa. Na majirani waliijenga kwa siku moja, kwa pombe ya ndizi. Ingia wewe kwanza, nione."

Masika akaingia. Nyuma yake kufuli ikafungwa.

"Sasa mimi ndiyo vita," muzee akasema nje ya mlango. "Kimbia."

Masika akacheka. Akajaribu dirisha la chumbani: chuma. Sebuleni: chuma. Jikoni, Cirimwami alikuwa nje akikaza chuma cha mwisho, akimtazama kama anayepima mbuzi wa sokoni. Mzinga ukalia, mabati yakatetemeka, akarudi kugonga mlango.

"Mama, fungua."

"Utatoa nini?"

"Kitenge kipya."

"Nikivalie ndani ya sanduku hili?"

Masika, ambaye sokoni hashuki bei mara mbili, akashuka. "Haya. Mlango wa nyuma."

"Ufunguo nitautoa nikiona tundu."

Masika akakimbilia jikoni kwa fundi. "Ng'oa hivyo vyuma, vunja ukuta mpaka chini. Vyuma ni vyako, ndiyo malipo."

"Na gunia la vitunguu, mama."

"Nusu."

"Mama, vita hii..."

"Nusu, Cirimwami. Piga."

Tundu lilipofika magotini, muzee Julie akazunguka nyuma, akapandisha kitenge, akapita na mkeka wake, akawa ndani.

"Panua kidogo," akamwambia fundi. "Binti yangu ni munene."