Hadithi Aliyoisoma Mama

Ukumbi wa shule yetu kule milimani Itumba ulinuka sweta zilizolowa ukungu. Asubuhi za Juni ile zilikuwa za baridi kali, na watu walipojaa ndani, mvuke uliwatoka mabegani kama chungu cha maharage. Walikuja kwenye mashindano ya hadithi fupi ya darasa la sita, ya kirafiki tu, zawadi yake daftari kubwa lenye jalada gumu. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mgeni kutoka Singida, alikuwa ameweka masharti mawili: hadithi isomwe na mzazi wa aliyeiandika, na isomwe neno kwa neno. Karatasi zetu alizifungia kabatini hadi siku yenyewe, wazazi wasije wakatusaidia. Daftari lile nililitaka hadi nikawa naliota.

Hadithi yangu ilimhusu mzee aliyemrudisha nyumbani ng'ombe aliyepotea wakati wa masika, na kwa kutaka sifa nikampa jina la babu yangu mzaa baba, Lwitiko. Nilijua fika kwamba mama hakuwahi kulitamka. Kwetu Wandali, mke hataji jina la baba mkwe wake, wala hakutani naye uso kwa uso. Mama akisikia kikohozi cha babu njiani, alikatia mahindini. Lakini ndiyo utoto huo, nilidhani jina la kwenye karatasi si jina. Nilikuja kugundua upumbavu wangu mama alipofungua karatasi mbele ya watu, shangazi zangu wawili wakiwa wamekaa benchi la mbele.

Mama alisoma sentensi ya kwanza, akasita kidogo, kisha akaendelea: "yule mzee wa koti la kaki." Kila jina lilipotokea, yeye alikuwa na lake: mwenye ng'ombe, mwenye hatua ndefu, baba wa watu. Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yake akifuatilia mistari, akamkatiza kwa upole.

"Mama, hapo kuna jina. Usipolisoma, mtoto anakosa alama."

Nilimwangalia mama na, Mungu anisamehe, nilitamani alitaje.

"Huyu mzee ninamheshimu, Mwalimu," mama akasema. "Hizo alama zikate tu."

Akaisoma hadi mwisho, sauti haitetemeki. Shangazi mkubwa, ambaye kumsifu mama kulimwia kazi siku zote, alisimama akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Nikawa wa mwisho. Nililia njia nzima, na mama hakunigombeza, aliniambia tu, "Daftari nitakununulia tukiuza kahawa. Heshima ya baba yako sina pa kuinunua." Jioni babu akaniita kwake. Habari zilikuwa zimeshamfikia, naye akataka nimsomee hiyo hadithi. Nilipolitaja jina lake kwa majivuno, akanizuia kwa mkono. "Hapana. Soma kama alivyosoma mama yako." Nikasoma hivyo, naye akasikiliza huku akijifuta macho na upindo wa shuka lake. Hapo ndipo nilipoacha kulilia daftari.

Leo naishi Tunduma, na baba mkwe wangu tunakula naye meza moja tukitaniana, wala hakuna anayeshtuka. Sioni ubaya, nami sitamani kukimbilia mahindini. Tuna kundi letu la simu la watu wapendao kuandika, wengine wako ng'ambo ya mpaka, na kila baada ya miezi kadhaa tunashindanisha hadithi. Nimeshinda mara mbili. Wahariri nao wameshanisahihishia kazi zangu, watu waliosomea, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao na muda wa kutosha. Nawashukuru wote. Ila hakuna hata mmoja aliyeipa hadithi yangu uzuri kama mama, aliyeihariri akiwa amesimama, mbele ya mawifi zake, bila kalamu.