Hereni ya Mtamba Mwekundu

Nikiri mapema: hereni ya ng'ombe niliivaa mwenyewe, kwa mkono wangu, na akili zangu zote nilikuwa nazo.

Darasani kwetu, kidato cha tatu, kulikuwa na mdahalo: je, binadamu wawekewe chipu mwilini ili watambulike na walindwe? Nilipangiwa upande wa kukubali. Wenzangu wangeleta hoja. Mimi nikataka kuleta ushahidi. Nyumbani Kerende, afisa mifugo alikuwa amepita kuwavisha ng'ombe wetu hereni za kielektroniki, zile zenye chipu ndani. Mtamba mwekundu alikuwa malishoni, kwa hiyo namba yake iliandikishwa tu, na hereni ikaachwa kwa baba pamoja na koleo la kubania.

Koleo lile halina utani. Lilipolia "ta!" sikio langu likatoboka, hereni ikajifunga. Ndipo nikajua imetengenezwa isifunguke, maana wezi nao wana mikono. Usalama wa hali ya juu.

Baba alinitazama weee, kisha akasema, "Mura, huyo mtamba anakwenda Nyarero Jumamosi."

Nilijua. Kaka alikuwa anaoa, na wakwe zake walishamchagua mtamba huyo kwa macho yao. Asipofika, bibi harusi haondoki kwao. Na bila hereni, mtamba hapati kibali cha kusafirishwa.

Afisa mifugo akaitwa. Ni mtu wa mkoa mwingine, mpole, hakucheka hata kidogo. Alisogeza kifaa chake sikioni kwangu, kikalia, akasoma kwa sauti kama alivyozoea: "Mtamba. Mwekundu. Miaka miwili. Hajazaa."

"Shikamoo," nikamwambia, maana sikujua mtamba husema nini.

Kwa hoja ya kutambulika, nilikuwa nimeshinda.

Akaeleza kuwa hereni itabidi ikatwe, na ikishakatwa imekufa. Mpya inaombwa wilayani, na hadi Jumamosi haitakuwa imefika. Kaka alikaa chini palepale mlangoni pa zizi, akashika kichwa. Sijawahi kumwona akikosa matusi.

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga wa mtama, akanivuta lile sikio bovu, akaisoma namba tarakimu moja moja. Halafu akamgeukia baba:

"Jumamosi mpeleke huyu. Namba si ndiyo hii wanayoitaka? Mtamba abaki hapa, angalau yeye atazaa."