Kola mia moja na mguu wangu wa kulia

Miaka arobaini mguu wangu wa kulia umekanyaga cherehani. Naandika mwenyewe kwa herufi zangu mbovu, maana binti yangu akiandika anatia chumvi.

Mguu ulianza kuuma nikitembea. Nikisimama, unatulia. Nikasema ni uzee. Baadaye ukauma hata nimekaa, na kidole cha mwisho kikaanza kuwa cheusi.

Daktari wa hospitali yetu ya jirani nilimshonea sare za shule tangu darasa la kwanza. Akanibonyeza unyayo akitafuta mapigo ya damu, hakuyapata.

"Mama, mshipa wa damu umeziba. Unazibuliwa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani."

"Basi zibua."

"Bora uende hospitali kubwa."

"Siku nzima kwenye basi na mguu huu? Nani kakutuma, huyu binti yangu?"

Binti yangu akaangalia dari.

"Utanizibua wewe, la sivyo nitazikwa nao hivi hivi," nikasema, nikaondoka zangu. Wiki mbili nilikaza shingo. Majirani wote nilishawatangazia kwamba kijana wangu daktari ndiye atakayenitibu. Ningeanzia wapi kumeza maneno?

Kidole cha pili kikafuata. Nikarudi kwa daktari nimechoka, hata ubishi umeniisha. Akainama kuutazama mguu, nikaiona kola ya koti lake. Kazi yangu ile. Kwangu mwanafunzi hagusi kola ya mteja mpaka ashone mia moja kwenye matambara. Awe na akili namna gani, kola ya kumi bado inapinda.

"Miguu kama huu umezibua mingapi?"

Akatazama meza. "Mwaka huu, miwili."

"Na wale wa hospitali kubwa?"

"Hata kumi kwa wiki, mama. Jambo likiharibika katikati, wao na wauguzi wao wameshaliona mara nyingi. Mimi ningekuwa nabahatisha."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulinipa nafasi?"

Tukaenda. Binti yangu aliupakata mguu njia nzima, hakulalamika hata mara moja, nami sikumshukuru. Aliyenizibua alikuwa akipiga soga na muuguzi, mikono yake haisiti, kama mimi na kola. Mguu ukapona. Vidole viwili vilikatwa. Hivyo ni vya zile wiki zangu mbili, simlaumu mtu.

Siku hizi nakanyaga polepole kwa vidole vitatu, na mchana lazima nijilaze. Juzi daktari alileta koti lake lipunguzwe kiunoni.

"Mingapi sasa?" nikamuuliza.

"Ile ile miwili. Wengine wote nawapeleka kule siku hiyo hiyo, hata wakinitukana."

"Wanakutukana?"

"Hakuna aliyekufikia wewe, mama."

Nikamwambia avue koti. Nilishona nusu ya mshono, nikapumzika, nikamalizia.