Mwaka Tuliotembeza Kombe

Timu yetu ya mpira ilipochukua kombe la vyuo vya kanda, Kasulu mjini palichangamka. Wenye maduka walitoka vibarazani, bodaboda wakatusindikiza kwa honi hadi getini. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati, na kwa kuwa hakupatikana mwingine, nilikuwa kocha pia. Nilifurahi, lakini mwili ulikuwa umechoka hata kuitikia hongera ilikuwa kazi.

Wiki iliyofuata mkuu wa chuo aliniita ofisini.

"Mwalimu, sasa vipanga wa darasani watakuja wenyewe. Chukua kombe, uzunguke nalo sekondari za Kibondo na Kakonko."

"Mkuu, wanaofaulu watauliza habari za masomo. Fizikia haina mwalimu tangu yule ahamishwe."

"Wewe nenda na kombe."

Nikalifunga kwenye kitenge cha mke wangu, nikapanda basi. Kila shule ilikuwa vilevile: wavulana wanashangilia, wanagombania kulishika, wanapiga nalo picha, mimi narudia maneno yaleyale hadi sauti inakauka. Vumbi jekundu liliniingia hadi kwenye meno.

Huko Kitahana, Kibondo, mkuu wa shule alininong'oneza kuwa binti aliyekaa mbele ndiye anayeongoza kidato cha nne. Nilipomaliza kuhutubia, alisimama.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza. Hapo chuoni fizikia anafundisha nani?"

"Marahaba. Kwa sasa hatuna. Tunatafuta."

"Na wasichana wanacheza?"

"Wanacheza netiboli."

"Kombe lao liko wapi?"

Wavulana wakacheka. Nilimwambia ukweli, kwamba wasichana hawakwenda kwenye mashindano. Nauli ilitosha timu moja tu. Aliniangalia kidogo, akasema, "Asante, mwalimu," akakaa.

Muhula mpya ulipofunguliwa, waombaji walikuwa wengi kuliko kawaida. Mkuu alikuwa akitembea kifua mbele. Lakini wengi walikuja na viatu vya mpira begani na alama za kubahatisha, na mimi ndiye niliyebaki nao mchana kuwafundisha sehemu na desimali upya. Yule binti hakuja. Nilisikia amekwenda chuo kimoja cha Tabora.

Kipanga tulimpata mmoja, kijana wa Kakonko. Nilimuuliza kama alivutwa na kombe.

"Hapana, mwalimu," alisema kwa aibu. "Mama anaumwa. Hapa nikiitwa nafika nyumbani siku hiyohiyo."

Nilimweleza mkuu. Akatabasamu. "Si amekuja lakini?"

"Amekuja kwa ajili ya mama yake, mkuu."

"Sawa, sawa. Maandalizi ya msimu yanaanza lini?"

Nikamwomba angalau tupate mwalimu wa fizikia, hata wa muda. Akasema tusubiri ligi iishe. Nilitaka kubishana, nikaona maneno yote nilishayasema, mengine zaidi ya mara moja. Nikatoka nikachukua mipira stoo.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Vijana walikuwa tayari uwanjani, wanakimbia bila kuambiwa, mgeni wa Kakonko akiwa nyuma kabisa, anahema.

"Mwakeye, kocha!" wakaniita kwa Kiha, ingawa ilikuwa jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi.

Nikawaitikia. Hawakuwa na kosa lolote.