Potopoto Niliyoiosha

Robinet ya parcelle yetu, kiwanja chetu na nyumba zake, iko pale mlangoni tangu wakati wa marehemu baba, na sijaiona ikitoa maji siku mbili zinazofuatana. Hapa Butembo watu wanaoosha magari kwa tiyo, ule mpira wa maji, ni wa kuhesabu, na wanajulikana. Sisi wengine tunashuka bondeni kwenye chemchemi, tunajaza bidon, tunapanda nayo mlima, kamba imekaza paji la uso mpaka shingo inalia. Ukifika juu na lita ishirini zako, kuna chakula cha kupika, kuna mama wa kuogesha, kuna nguo. Halafu yaya yangu, kaka mkubwa, anatoa kichwa dirishani: "Dada, na gari je?"

Yaya alinizidi miaka mitatu. Alikuwa shofere. Gari yake ndogo nyeupe, usukani kuume, ilikuwa ya kupeleka watu Beni na kuwarudisha. Mimi ndoa ilikuwa imenishinda, nikarudi kwa mama na mikono mitupu, naye hakuniuliza kitu hata kimoja. Alinipa kazi tu: gari iwe safi kila asubuhi mbele ya saa kumi na mbili. Kwenye parking, abiria wa kwetu anaangalia gari kwanza, shofere baadaye. Akiona gari chafu, anapita. Anasema, huyu kama kitambaa kimemshinda, breki ataziweza?

Basi nikajifunza. Vumbi hapana kusugua kavu, inakwaruza rangi. Unamwaga kopo moja juu ya paa, unangoja, vumbi inalegea yenyewe. Beseni mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza. Ukizichanganya umeharibu zote. Unaanza paa, unashuka kwenye vioo, kwenye milango, magurudumu mwisho, kwa sababu maji ya magurudumu hayana tena kazi ila ya choo. Kukausha ni fulana ya zamani ya pamba. Kikwembe hapana, kinaacha nyuzi. Wakati wa mvua bidon moja haitoshi, maana potopoto, lile tope la njiani, inajificha juu ya gurudumu, ndani kabisa, na huko unaingiza kijiti, kijiti kikishindwa unaingiza vidole.

Yaya alipenda kunichokoza. Anapitisha kidole chini ya mlango, anakitazama, anasema: "Hee, dada! Hapa ulilala." Namrushia kitambaa. Namtukana vizuri, majirani wanasikia, yeye anacheka, anawasha gari, anaenda. Nilikuwa mtu niliyefeli ndoa na biashara, lakini gari ile ilipoteremka barabarani ikiwaka weupe, nilisimama mlangoni nikijiona na mimi nina kazi yangu duniani.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Alichukua watu wanne kwenda Beni, na jioni hakurudi. Simu yake ilifungwa. Hiyo peke yake si ajabu. Njia ikiwa mbaya, mashofere wanalala Beni. Ijumaa mchana shofere mwenzake akatupigia. Gari imeonekana Mavivi, kando ya barabara, si mbali na uwanja wa ndege. Ufunguo ndani, essence imekauka, tangi tupu, mtu hakuna.

Huyo mwenzake alikuwa ameongea naye Alhamisi hiyohiyo, abiria wake wanne wamekwisha kushuka Beni. Yaya alimwambia amepata location nzuri, gari imekodiwa na mama mmoja wa kutoa magunia yake ya kakao shambani. Shamba la upande gani, hakusema. Mashofere hawasemi, ukisema, rafiki yako anakutangulia kwa mteja. Basi tukaelewa. Alikamatwa huko mashambani, waliomkamata wakachukua na gari, wakaiendesha mpaka essence ikaisha, wakaiacha. Kule porini kuna watu wa bunduki wanaobeba watu. Anayeishi Beni anajua, na mimi sina nguvu ya kueleza zaidi ya hapo.

Jumamosi asubuhi na mapema shofere huyo akatuletea gari mpaka ndani ya parcelle. Sikuwahi kuiona hivyo. Potopoto mpaka kwenye vioo. Majani yamenasa chini, nyasi zimejizungusha magurudumuni, ndani tapis zote za kukanyagia zimelowa na kuwa nzito. Mama alikuwa ameketi mlangoni na rozari. Aliitazama gari kwa muda mrefu.

Kwetu habari mbaya ikiingia nyumbani, wanawake wanaanza kwa kufagia. Watu watakuja kukaa nawe, jamaa, majirani, watu wa shirika la kanisa, na hawawezi kukuta uchafu. Ni aibu. Unafagia, unaosha vikombe, unaazima mabenchi, machozi yanangoja zamu yake. Sijui nani alitufundisha hivyo. Bibi zetu walifanya, mama zetu walifanya, na mimi siku ile, mbele ya kulia, nilikuwa nimekwisha kufagia uwanja wote.

"Mwana yangu," mama akasema, "osha gari ya yaya yako. Batu banakuya. Basiione hivi."

Nikaosha. Mungu wangu, niliosha. Bidon yetu moja, na majirani wakaleta mbili, maana walinihurumia. Niliosha kwa hasira, nikamwambia yaya peke yangu, wee, rudi leo, upitishe kidole chako, utaona. Nilichokoa kwa kijiti, nikachokoa kwa vidole mpaka kucha zikauma. Majani na nyasi nilizikusanya, nikazitupa kwenye moto wa takataka nyuma ya jiko. Tapis nikazisugua moja moja. Chini ya kiti cha shofere kulikuwa na alama ya kiatu, nzima, kisigino na yote. Nikaifuta. Saa nne gari ilikuwa inawaka. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama, na kwa dakika moja, Bwana anisamehe, nilifurahi.

Saa sita baba mudogo akafika na wanaume watatu. Mmoja alikuwa mzee aliyepakia kakao miaka na miaka katika njia zote za mashamba ya Beni. Mama alikuwa ndani na wanawake, wakisali kwa sauti. Mzee hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaizunguka, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akaingiza mkono juu yake, akautoa. Mkono ulikuwa safi.

"Ni nani aliosha hii gari?"

"Ni mie," nikajibu. Nilijibu bila woga, hata nilidhani atanisifu.

Alifunga macho. "Mais, mama... Juu ya nini uliiosha? Potopoto ya upande wa Mangina iko nyeusi, inanata. Ya Oicha iko nyekundu. Ya njia ya Kasindi iko na muchanga na tumawe tudogo. Tulikuya kuangalia ile tu. Tungejua tunamutafuta wapi."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana, afadhali baba mudogo angevua mkanda. Aliketi kwenye benchi nililokuwa nimelifuta, akaniuliza polepole: "Ilikuwa rangi gani?"

Potopoto ile ilikuwa mikononi mwangu asubuhi nzima, imeingia chini ya kucha, imenirukia usoni, na sikujua. Nikasema nyekundu. Halafu nikasema hapana, nyeusi. Halafu nikalia tu. Miaka yote ile potopoto kwangu haikuwa na rangi, ilikuwa kitu cha kuondoa.

Nikakimbia kwenye mtaro. Maji yangu yalikuwa yameteremka zamani, yamechanganyika na udongo wetu wa Butembo na maji ya vyombo vya jirani. Nilipiga magoti nikachimba kwa mikono, nikawaletea wanaume konzi la tope, na mzee alilitazama kwa heshima akasema, "Hii ni ya hapa, mama. Acha." Nyuma ya jiko yale majani yalikuwa jivu. Kucha zangu nilikuwa nimezisugua kwa sabuni na brosi, kwa ajili ya wageni.

Njia zilikuwa tatu, nao wangeweza kujaribu moja tu, siku moja, na watu wanaoijua. Siku hiyo ikipita, zile nyingine mbili hazingeingilika tena, kwa sababu ya vita. Wakachagua ya Oicha kwa sababu Mavivi iko kwenye njia hiyo. Jumapili jioni walirudi wamechoka, baba mudogo akanitikisia kichwa akiwa bado mlangoni. Wiki iliyofuata haikuingilika hata hiyo. Baadaye kila mtu akarudi kwenye kazi zake, na siwalaumu. Aliyefunga njia ni mimi.

Nilimvuta baba mudogo pembeni. "Mama asijue. Yeye njo alinituma kuosha."

"Sitasema," akajibu, na hajasema mpaka leo. Hata majirani wamenyamaza. Parcelle nzima inajua, isipokuwa mama.

Ni miaka miwili sasa. Kilio hatujaweka, maana hakuna mwili. Misa ya wafu mama anakataa: "Ya wafu hapana. Mwana yangu iko njiani." Mimi sina tena tumaini, nalisema wazi. Nilichokuwa nakitaka ni kaburi tu, mahali pa kupanda maua na kung'oa magugu, na hicho ndicho nilichokisuuza. Gari baba mudogo aliiuza kwa mtu wa Kayna. Nikiona barabarani gari iliyochafuka nasimama, nainama, natazama rangi ya potopoto kwenye magurudumu. Mashofere wananicheka. Wengine wananiogopa.

Mwezi uliopita, jioni, nilikuwa nachambua maharagwe uwanjani. Mama macho yake yamekwisha karibu kabisa, anaketi kwenye kiti chake cha mbao na rozari. Akaniita.

"Wale wanaume ya siku ile. Baliangalia potopoto ya gari?"

Miaka miwili alikuwa akiiwaza siku ile, taratibu, peke yake, mpaka akafika hapo.

"Si uliwaonyesha mbele ya kuosha?" akauliza tena. "Mie njo nilikuambia uoshe. Si baliona kwanza?"

"Baliona, mama," nikasema. "Baliona vizuri."

"Wakasema wapi?"

Oicha nisingeweza, anajua walitafuta huko. "Mangina," nikasema. "Ilikuwa nyeusi, mama. Ilikuwa inanata. Njia yake ilikuwa imefungwa siku ile, kwa hiyo wakajaribu kupitia Oicha."

Alipumua kwa nguvu, mabega yakamshuka. "Mangina iko upande gani, kutoka hapa?"

Nikaondoka kwenye maharagwe, nikakishika kiti chake na yeye mwenyewe juu yake, mwepesi namna hiyo, nikakigeuza uso wake ukaelekea kaskazini, kati ya jiko na paa la jirani. "Huku," nikasema.

"Aksanti, mwana yangu. Siku zote nilikuwa naomba nikitazama ukuta."

Akafanya ishara ya msalaba, akaanza kumwombea. Tangu hapo kila jioni ananiita nimgeuzie kiti, na mimi namgeuzia.