Ondieki na Mashine ya Kukereza

Katika soko la Nyaramba, matendegu ya vitanda yalikerezwa na ndugu wawili. Mogaka, aliyekuwa mdogo, alishika patasi. Kaka yake Ondieki, aliyepofushwa na surua utotoni, alivuta mkanda wa ngozi uliozungusha mti. Hawakuhitaji kuambiana "ngoja" wala "haya". Patasi ikiinuka tu, Ondieki alisikia, akalegeza mkono.

Mwaka wa 1971 fundi mmoja Mhindi alifunga karakana yake Kisumu, na Mogaka akanunua mashine yake kuukuu ya kukereza, pamoja na injini ya dizeli. Ililetwa na lori lililokuja kuchukua ndizi. Ilikuwa na kutu, lakini ilipowashwa watu waliacha kununua wimbi wakaja kutazama.

Ondieki alisimama kando.

"Hii haivutwi?" akauliza.

"Haivutwi, kaka. Sasa utapumzika."

"Nilikuambia nimechoka?"

Mogaka akampa msasa asugue matendegu. Ondieki alisugua bila kunung'unika, ila kelele za injini zilimziba masikio, na kwa masikio hayo ndiyo aliijua dunia. Mtu akimgusa bega, alishtuka. Siku moja alinyoosha mkono kutafuta mti mwingine, vidole vikaelekea kwenye mkanda wa injini. Mogaka alimvuta kwa nguvu, wakaanguka pamoja kwenye maranda.

Ondieki alijikung'uta maranda.

"Nipeleke Magwagwa kwa dada yetu Mokeira," alisema. "Huko nitasikia watu."

Mogaka alimsihi sana, akashindwa. Jumapili akambebea blanketi, wakaenda.

Biashara ilinawiri. Wateja walitoka hata Nyamache, na Mogaka akaezeka nyumba yake mabati. Mara kwa mara alikwenda Magwagwa, akamkuta kaka yake uani akisokota kamba za katani za kufungia ng'ombe. Waliongea habari za mahindi na watoto, si za mashine. Mara moja tu Mogaka alithubutu.

"Kaka, hutarudi?"

"Nirudi nifanye nini? Hapa watoto huniita kabla hawajafika."

Mwaka wa 1977 homa ya mapafu ilimchukua Ondieki. Alizikwa nyumbani, Nyaramba. Mogaka alitarajia jamaa na majirani, lakini kutoka Magwagwa walikuja watu wengi asiowajua, wanaume kwa wanawake, miguu imejaa tope. Mzee mmoja alimshika mkono.

"Wewe ni nani wake?"

"Ndugu yake. Tumbo moja."

"Pole sana. Tumepoteza mtu wetu."

Mogaka aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuwatafutia wageni viti.