Waliosema Narudi

Cheti changu kilikuwa kimetiwa plastiki, na hilo peke yake lilinitia kiburi. Nilikipata Unguja, baada ya mafunzo ya siku mbili kwenye hoteli nilimokuwa nikiuza chai na viungo kwa watalii. Tulifundishwa kumsogelea mteja kabla hajafika kwenye rafu, kumtazama usoni, kutabasamu mpaka magego yaonekane, na kumuuliza maswali yasiyojibika kwa "hapana". Nilikuwa wa kwanza darasani. Mwalimu alisema nina kipaji, nami, mjinga wa watu, nikamwamini.

Basi niliporudi Wete, kwetu Pemba, kushika duka la mama, cheti ndicho kilichotangulia. Nilikigongomea ukutani juu ya madebe ya majani ya chai, mahali mama alipokuwa akitundika kalenda. Mama mwenyewe magoti yalikuwa yamemgomea. Kutoka nyumbani mpaka dukani ni karibu tu, lakini alikuwa akipumzika mara tatu njiani. Maisha yake yote ameuza chai, hiliki, mdalasini na tangawizi kavu katika chumba kile kimoja, na watu walikuwa wakivuka maji kumfuata. Aliponipa ufunguo, aliushika kwanza kidogo.

"Nakupa mpaka mfungo sita, mwezi wa maulidi," alisema. "Watu wakiwa wanakuja, duka lako. Wakiacha kuja, nampangisha yule anayetaka kuuza simu. Sikai nikaliangalia duka langu likifa."

Nikamuuliza kama ana la kuniusia.

"Waamkie. Halafu kaa."

"Basi?"

"Basi."

Nilimhurumia, wallahi. Nilisema moyoni, maskini mama, biashara imebadilika na yeye hana habari.

Mama alikuwa na namna yake, na mimi nimeiona tangu utoto bila kuiona. Mtu akiingia, mama haondoki kwenye kigoda chake. Anaitikia salamu, anauliza hali, anauliza wa nyumbani, anauliza wagonjwa, na mikono yake inaendelea kuchambua hiliki. Mteja anafunua debe, ananusa, anachukua jani moja analitia baina ya meno, anatazama barabarani. Yanapita maneno ya mvua, ya karafuu, ya mtoto aliyefaulu mtihani. Chai ni jambo la mwisho kabisa, kama vile mtu amekumbuka akiwa mlangoni: "Aa, hebu nipimie na robo ya majani." Mimi nililiita jambo hili kupoteza muda. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na sinia la vikombe vidogo vya kuonjea. Mtu akitia mguu tu, nimeshamfikia. "Karibu sana! Unapendelea chai kali au laini? Ya asubuhi au ya jioni? Utaanza kuonja mchaichai au tangawizi?" Watu walikuwa wanarudi nyuma, mgongo kwanza. Mama mmoja nilimfuata mpaka barabarani na kikombe mkononi. Akaongeza mwendo, nami nikaongeza, mpaka muuza vitambaa wa jirani akaniuliza kama ameniibia kitu.

Lakini Mpemba ni mtu wa adabu. Hatakwambia umemchosha. Atakwambia, "Narudi." Wiki ya kwanza nililifurahia neno lile. Nilimwambia mama jioni, "Leo watu saba wamesema watarudi." Mama akanitazama kwa huruma akaniongezea mchuzi. Wiki ya tatu nikafahamu. Kama wote waliosema narudi wangerudi, ningehitaji ghorofa. Nikaanza kulichukia neno lenyewe. Mtu akisema narudi, namjibu kwa tabasamu la cheti, huku nasema moyoni: mwongo mkubwa we.

Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja wa Fundo, kisiwa kidogo cha jirani. Huyu alikuwa mteja wa mama tangu sijabalehe. Kila baada ya wiki mbili anavuka kwa boti, anamaliza shughuli zake sokoni, kisha anaingia dukani kwetu. Majani ya chai hakununua pengine popote. Alikuwa mrefu, mkavu, mpole, na alikuwa na tabia ya kusimama kimya mbele ya madebe kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nikamrukia.

"Mzee wangu, karibu sana! Leo nataka nikuonjeshe kitu hujapata kukionja!"

Akatazama vikombe vyangu vitatu, akanitazama na mimi. Akaniuliza, "Mamako hajambo?"

"Hajambo. Sasa hii hapa ni ya mchaichai, nzuri sana kwa presha..."

Nakumbuka nilivyolijibu swali lile. Neno moja, huku nainua kikombe. Mzee alisubiri kidogo, labda kuona kama kuna jengine litafuata. Lililofuata lilikuwa ni presha. Nilieleza presha vizuri sana. Mwisho akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mwanangu. Narudi." Akatoka mikono mitupu.

Mwongo mwengine, nikasema. Na wa umri ule!

Wiki moja baadaye, siku ya Jumatano, akaingia mwanamke wa rika langu, kavaa baibui, macho mekundu kidogo. Nikadhani ni upepo wa kwenye boti. Alitaka kilo mbili za majani ya chai, hiliki nyingi, tangawizi na mdalasini. Tangu nishike duka sijapata mtu wa kununua namna ile! Salamu yake hata sikuiacha ikakamilika. Cheti kilinifundisha kushiriki furaha ya mteja, basi nikashiriki, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

"Mashaallah! Hiyo si chai, hiyo ni shughuli! Hongera sana! Haya tuambie, bibi harusi nani?"

Aliiweka mikono yake juu ya meza, akaitazama.

"Si harusi," akasema. "Ni hitma ya baba. Tumemzika jana. Mzee wa Fundo, alikuwa akinunua kwenu."

Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kuanguka mbele ya wakwe. Lakini siku ile nilitamani nipimwe mimi kwenye mizani, nifungwe kwenye gazeti, nichukuliwe. Nikapima majani, nikamwaga, nikapima tena. Nikataka kumuongezea hiliki. Akakataa kwa upole. Alipofika mlangoni ndiyo akakamilisha salamu niliyomkata. "Mama nisalimie," akasema.

Nilifunga duka adhuhuri nikaenda nyumbani kumwambia mama mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Nilijua nimeshalipoteza duka. Nilimwambia yote, mpaka ile hongera. Mama alikuwa anawasha jiko la makaa. Hakupiga kelele. Akaniuliza jambo moja tu.

"Leo kabla ya huyo binti, wameingia watu wangapi?"

"Sita."

"Na wote wa hapa Wete?"

"Wote."

"Maiti kazikwa jana, mji mzima unajua. Watu sita wameingia na habari mdomoni, na hukumpa hata mmoja nafasi ya kuisema?"

Kwa kweli sita wale niliwaonjesha. Mmoja namkumbuka alianza, "Umesikia lakini...", na mimi nikamtia kikombe mkononi.

"Kaniletee kile cheti," mama akasema.

Nikadhani atakichana. Nikaenda nikaking'oa, nikamletea. Akakigeuza, akakipimapima mkononi, akakaa mbele ya jiko akaanza kupepea makaa. Yakashika mara moja. "Kigumu," akasema. "Kinafaa." Halafu, bila kunitazama: "Hitma kesho. Utanipeleka."

Kumpakia mama kwenye boti kulihitaji watu wawili na dua nyingi. Fundo tulipofika, yeye aliingizwa ndani kwa wanawake, kwa mjane aliyekaa eda, mimi nikakaa nje kwenye majamvi na wanaume. Nilikaa ukingoni kabisa, karibu na viatu. Nilikuwa naogopa mtu aulize, ni huyu ndiye? Kwa sababu niliamini habari imeshafika. Pemba hii.

Hitma ilipokwisha ikaletwa chai. Ilikuwa chai yangu, niliijua kwa harufu, hiliki ile ile niliyoipima kwa aibu. Mzee mmoja akahama alipokuwa, akaja akakaa ubavuni mwangu na kikombe chake. Alikuwa mdogo wake marehemu, mrefu na mkavu vile vile. Hakuniuliza mimi nani. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Akanywa kidogo, akatazama mbele, akasema:

"Mamako hajambo?"

Nikataka kusema hajambo, kwa mazoea, halikutoka. Nikamwambia magoti yake. Nikamwambia usiku halali, anajifanya kalala nisije nikamuuliza. Nikamwambia anaona aibu kushikwa mkono njiani, na kwamba nimerudi kwa ajili yake, na duka lenyewe naliua. Nilisema mpaka chai yangu ikapoa. Yeye alikuwa anaitikia tu, "Naam. Naam." Sijui nilisema muda gani, lakini nilipomaliza majamvi mengine yalikuwa yameshakunjwa.

"Kaka yangu alitwambia habari zako," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Alirudi siku ile hana majani. Mkewe akamuuliza, akasema, kijana wa bibi wa chai bado anajifunza, anasema sana, lakini mchangamfu. Tukamwambia majani yapo hapa hapa kisiwani, anunue. Akakataa. Akanywa maji ya moto na mchaichai wa uani wiki nzima." Mzee akatabasamu kidogo. "Anasema, mimi nshamwambia narudi."

Nililia pale, mtu mzima, mbele ya viatu vya watu. Wiki yake ya mwisho duniani hakunywa chai aliyoipenda, kwa sababu aliniahidi mimi, niliyemwita mwongo.

Tulirudi na boti ya alasiri. Mama hakuniuliza nililia nini, ingawa macho aliyaona. Tulipofika mlangoni kwetu akanyosha mkono, nikajua anataka ufunguo, nikautoa mfukoni nikampa. Akautazama, akanirudishia.

"Fungua wewe kesho," akasema. "Na ukae."

Asubuhi nikakaa. Kigoda cha mama ni kifupi, magoti yangu yalifika masikioni. Mikono nikaipa hiliki ya kuchambua isije ikanyakua vikombe. Akaingia yule mama niliyemfukuza mpaka barabarani, akasimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Nikaitikia salamu yake mpaka mwisho. Nikamuuliza hali, nikamuuliza wa nyumbani, nikanyamaza. Alinitazama kwa wasiwasi, kisha akasogea, akafunua debe, akanusa.

"Umesikia lakini," akasema, "yule mzee wa Fundo?"

"Ee, hebu nambie," nikasema.

Akaniambia. Alivyougua siku moja tu, alivyozikwa, nani alivuka na nani hakuvuka, hitma ilivyojaa watu. Alinihadithia mpaka kijana wa chai aliyekwenda kulia kwenye viatu vya wenzake. Nikamwacha amalize. Akafunika debe, akajitanda vizuri, akasema, "Haya, narudi."

"Inshaallah," nikamwambia. "Nipo."